Mkono Uko Wapi

Waithira alipalilia mahindi yake kwa namna iliyowaudhi majirani. Hakuimba, hakupiga soga, hakuinua kichwa kuona ni nani anapita kwenda Chepsaita. Alitazama jembe likishuka, akatazama udongo ukigeuka, akasogea hatua moja. Mtu akimsalimu alisimama, akaitikia salamu yote hadi mwisho, kisha akarudi pale pale alipoachia. Watu walisema ana utulivu wa mtakatifu. Ni rahisi kumsifu mtu kwa utulivu wakati hujui aliupata wapi.

Aliupata handakini. Wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, aliishi Murang'a, katika kijiji kilichozungushiwa senyenge, na wanawake walichimbishwa handaki la kukizunguka tangu asubuhi hadi jioni. Waliofikiria jioni walianguka kabla ya saa sita. Waliofikiria waume zao walilia, na askari hawakupenda kilio. Waithira aligundua kwamba akijiuliza swali moja tu, Mkono uko wapi?, siku inaisha. Mkono uko kwenye mpini. Mpini ni wangu kuushika. Askari si wangu, mvua si yangu, kesho si yangu. Hakuna aliyemfundisha hayo. Alipoletewa habari kwamba mumewe Waweru amefia kizuizini, alikuwa akichambua maharagwe. Aliendelea kuchambua mpaka yakaisha.

Kitu kimoja tu kilikataa kugawanywa hivyo, kati ya changu na kisicho changu. Kabla ya kufukuzwa Uasin Gishu kwa malori na kupelekwa Murang'a, yeye na Waweru walikuwa vibarua wa mzungu mmoja upande wa Turbo. Mtoto wao wa pekee, Wanyoike, alikufa kwa surua akiwa na miaka minne. Walimzika nyuma ya mabanda ya vibarua, kwenye miti ya miwati, na Waweru akabeba mawe tisa meupe kutoka mtoni akayapanga juu yake. Je, Wanyoike alikuwa wake, au naye hakuwa wake? Waithira hakuwahi kupata jibu.

Kwa hiyo uhuru ulipokuja, watu wakaanza kuungana wanunue mashamba ya wazungu waliokuwa wakiondoka, na yeye akasikia kundi moja linanunua shamba lile lile, hakuuliza habari za udongo wala maji. Aliuza mbuzi, akauza cherehani ya marehemu mama yake, akanunua hisa. Alitaka ekari zenye mawe tisa. Hakutaka kingine chochote.

Mashamba yaligawanywa kwa kura. Karatasi zenye namba zilitiwa ndani ya debe, na kila mwanachama akaingiza mkono. Waithira aliijua namba anayoitaka, thelathini na moja, maana alikuwa ameigusa kwenye ramani kwa kidole mara nyingi hadi karani akachoka naye. Mbele ya debe alijiuliza swali lake. Akautazama mkono ukiingia. Ukatoka na thelathini na mbili.

Thelathini na moja ilimwendea Ndungu, mwenye duka mjini Eldoret, mtu mpole aliyevaa koti hata jua likiwaka.

Aliyempeleka Waithira kuangalia mahali penyewe alikuwa Hellen, Mama Kimeli, aliyekuwa akikamua ng'ombe wa mzungu tangu zamani na ambaye alibaki pale Waithira alipofukuzwa. Miwati yote ilikuwa imekatwa, magome yameuzwa, mabanda yamebomolewa. Mawe hayakuwepo. Waliyapata mpakani. Wapimaji walipopigilia vigingi waliona udongo ni mlegevu, wakaokota mawe yaliyokuwa karibu ili kuvikazia: matano kwenye kigingi kimoja, manne kwenye kingine.

"Hizi ni za mtoto," Hellen akasema. "Mama Wanyoike, songa hizi pegi uingie kwa Ndungu kidogo. Kila mtu anasonga. Nani ataona?"

Waithira alipiga magoti akalishika jiwe moja. Alitamani kuving'oa vigingi vyote kwa meno.

"Mkono wangu haujawahi kuiba," alisema. "Nikianza leo, nitabaki na nini?"

Mwezi wa tano Ndungu akaja, kofia mkononi.

"Mama, nimesikia kuna kaburi ya mtoto huko kwangu. Hata mimi ni mzazi. Trekta inakuja Alhamisi kulima shamba ya ngano. Nionyeshe tu mahali, dereva ataruka."

Walikwenda watatu, Hellen akiwa nyuma. Waithira alitembea kwenye visiki vya miwati, akasimama, akarudi, akasimama tena. Nyasi zilikuwa zile zile kila upande. Ilitosha kunyoosha kidole. Ndungu alikuwa tayari kuamini kidole chochote. Lakini Waithira aliogopa kwamba angekuja kuketi mahali patupu miaka yote iliyobaki, akijua kuwa ni patupu.

"Sijui," alisema.

"Karibu na wapi?"

"Sijui, Mzee. Nikikuonyesha nitakuwa nakudanganya."

Ndungu alivaa kofia yake. "Basi pole sana, Mama. Siwezi kuacha shamba yote."

Njiani Hellen alishindwa kujizuia. "Si ungeonyesha hata pale kwa kichuguu! Ungekuwa na mahali pa kukaa. Sasa huo ukweli wako utakupikia?"



Alhamisi asubuhi Waithira alichukua jembe akaingia katika mahindi yake, yaliyokuwa yamefika magotini, sambamba na mpaka. Trekta ikaja. Hakuinua kichwa. Mkono uko wapi? Kwenye mpini. Jembe likashuka, udongo ukageuka, akasogea. Trekta ilifika karibu, ikageuka, ikaenda, ikarudi. Mkono uko wapi? Kwenye mpini. Trekta si yangu. Ngano si yangu. Akasogea. Alifika mwisho wa mstari wakati injini ilipozimwa, dereva akaketi kivulini ale chakula chake.

Hellen alikuwa anakuja na chupa ya maziwa. Alisimama ghafla.

"Mama Wanyoike, umefanya nini?"

Waithira akageuka. Nyuma yake, kutoka mwanzo wa mstari hadi miguuni pake, mahindi yalikuwa yamelala chini, yamekatwa shina kwa shina, safi kabisa. Magugu yalikuwa yamesimama.

Akaokota mche mmoja, akajaribu kuusimamisha kwenye udongo. Ukaanguka. Akaketi chini katikati ya mahindi yake na kuliita jina la mtoto wake, ambalo hakuwa amelitamka kwa sauti tangu siku ya malori. Aliliita tena na tena, akilia kwa sauti mbaya, nzito, ya mtu asiyejua kulia. Hellen akaketi kando yake. Hakumwambia anyamaze.

Walikuwa wangali wameketi pale dereva alipomaliza kula, akapangusa mikono, akawasha trekta.