Binti wa Bucha Asiyekula Nyama

Mtaani Mlandege, Iringa mjini, watu wengi walikula nyama, lakini Othmani mwenye bucha aliihubiri. Mtoto wa jirani akikohoa, Othmani alipeleka supu ya kongoro. Mzee akilalamikia magoti, supu ya kongoro. Msichana mmoja alipoachwa na mchumba wake wiki mbili kabla ya harusi, Othmani alimfungia mifupa katika gazeti, akamwambia, "Chemsha tangu asubuhi, kunywa, utamsahau." Na kweli alimsahau, ingawa wenye midomo walisema ni kwa sababu alipata mchumba mwingine.

Baba yake Othmani alitoka pwani enzi za Mjerumani, kisu kiunoni. Alipofika Iringa na kuona ng'ombe wa Wahehe wakipanda mlima, akasema, "Mimi sirudi tena." Othmani alirithi kisu kile, na pamoja nacho imani kwamba damu ya mtu hutoka kwenye nyama kama maji yatokavyo kwenye chemchemi.

"Asiyekula nyama ni taa isiyo na mafuta," alipenda kuwaambia wateja huku akikata. "Utambi upo, lakini utawaka nini?"

Sasa, mtu wa namna hiyo, Mungu akampa mtoto mmoja tu, binti, jina lake Jaha. Mwaka 1954 Jaha alikuwa na miaka kumi na minne, yuko darasa la nne, mwembamba, macho makubwa, na ulimi uliokuwa ukimtangulia hatua mbili popote aendapo. Siku moja ya Jumatatu, mchana, mama yake Mwanakhamisi alitenga chakula. Jaha akaitazama sahani, akaisukuma taratibu kwa kidole kimoja.

"Baba, mimi nyama basi."

"Basi ya leo?"

"Basi ya siku zote."

Othmani akaweka tonge chini. "Unaumwa?"

"Siumwi."

"Umeota ndoto mbaya?"

"Sikuota. Baba, leo siku gani? Jumatatu. Jumatatu tunakula mapafu. Jumanne utumbo, Jumatano kichwa, Alhamisi kile ambacho hata Jumatano kilikataliwa. Minofu ni ya wateja, sisi tunakula kilichobaki. Tangu niote meno, kila Jumatatu natafuna kitu kinachonipumulia mdomoni. Nimechoka."

Mwanakhamisi alijifunika uso kwa upande wa kanga. Othmani alidhani analia. Hakuwa akilia.

Basi ikatolewa amri: Jaha atakula nyama, na sahani itarudi nyeupe. Ajabu ni kwamba Jaha hakubisha. Aliomba jambo dogo tu, aruhusiwe kulia chakula mlango wa uani, maana ndani moshi unamchoma macho. Akaruhusiwa. Sahani zikawa zinarudi nyeupe, si nyeupe tu, zinang'aa kana kwamba zimelambwa. Othmani akawa anatamba bucha nzima. "Mtoto ni kumkazia tu. Mmeona?"

Zilikuwa zimelambwa kweli. Pale uani palikuwa na paka wa kijivu ambaye watu wa nyumba ile walimwita Liwali, kwa jinsi alivyopenda kukaa juu ya ukuta na kuwadharau wapita njia. Mwezi ulipokatika, Liwali alikuwa hawezi tena kuupanda ukuta. Alijaribu mara moja, akaning'inia kwa kucha za mbele, akashuka pole pole kama gunia linaloteremshwa kwenye lori. Siku moja panya alipita mbele ya pua yake. Liwali akamtazama, akafumba macho. Othmani, aliyekuwa akitawadha pale karibu, akabaki na kopo mkononi. Alimtazama paka, akautazama mlango wa uani, na hapo akaelewa mwezi mzima alikuwa akimlisha nani.

Lakini kabla hajapata nafasi ya kufoka, mambo mawili yalimwangukia kwa pamoja.

La kwanza lilikuwa maneno. Siri ya paka ilitoka, nani aliyeitoa haijulikani, ikafika kwa Makame, mwenye bucha ya mwisho wa mtaa. Makame alikuwa mtu wa kuuma na kupuliza. "Mimi sisemi kitu," aliwaambia wateja. "Nauliza tu. Mpishi asipoonja chungu chake, mgeni ana haraka gani?" Kufika Ijumaa, mafungu ya Othmani yalikuwa yamelala mezani mpaka nzi wanachagua.

La pili lilikuwa zito zaidi. Asubuhi moja shuleni, wakiwa kwenye gwaride, Jaha alianguka. Mwalimu wake alimleta nyumbani amemshika bega, midomo ya mtoto imepauka. Othmani hakufoka wala kuhubiri. Alimbeba mgongoni kama alivyombeba akiwa mdogo, akashuka naye mpaka zahanati, na njia nzima alikuwa akisema peke yake, "Nilisema. Si nilisema? Nilisema mimi."

Mganga msaidizi pale, ambaye watu wote walimwita Dresa, alikuwa Ezekia, Mnyakyusa wa kutoka Rungwe, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alifunua kope za Jaha, akatazama ulimi, akabonyeza kucha.

"Damu kidogo," akasema.

"Kwa sababu hali nyama!" Othmani akadakia.

"Subiri kwanza, Bwana Othmani. Binti, jana ulikula nini?"

"Ugali na chai."

"Na juzi?"

"Chai na ugali."

"Maharage?"

"Mama anayapika na mchuzi wa mifupa. Baba kamwamuru."

"Mchicha? Karanga? Maziwa? Yai?"

Jaha akatikisa kichwa kila alipoulizwa, na kila mara kichwa kikazidi kuinama. Ezekia akavua miwani, akamgeukia Othmani.

"Huyu hakuangushwa na kukosa nyama. Kaangushwa na kukosa kila kitu. Mtoto wa umri huu anajenga mwili kama mtu anayejenga nyumba, na msichana tena, kila mwezi damu inapungua. Ukikosa mawe utajenga kwa matofali, itasimama. Lakini huyu anajenga kwa upepo."

"Kwa hiyo ale maini."

"Akila maini atapona. Akila maharage kila siku, na majani ya kijani, na karanga, na limau la kukamulia juu yake ili damu iyapokee, na maziwa, na mayai, atapona pia. Taratibu, lakini atapona. Ila binti, sikiliza," akamnyooshea Jaha kidole, "maziwa na mayai usithubutu kuacha. Ukiacha na hivyo, mimi hapa sina ujanja."

Othmani akacheka kwa uchungu. "Dresa, wewe umesoma, lakini nyama..."

"Mimi nimekulia ndizi, maharage na maziwa mgando," Ezekia akasema. "Kwetu wakati ule nyama ilikuja na msiba. Nikinusa nyama nilikuwa nauliza kwanza nani amekufa. Na nitazame, nimesimama."

Othmani alimtazama, akataka kusema kwamba amesimama lakini hakwenda juu sana, akajizuia kwa sababu ya heshima.

Wakapatana hivi. Jaha apewe miezi mitatu ya chakula chake, kipikwe sawasawa. Apimwe uzito mwanzo na mwisho, hadharani, ili Mlandege nzima ione. Asipoongezeka, maini kila siku mpaka siku atakapoolewa.

Walimpimia sokoni, kwenye mizani ya magunia ya mahindi, ile ya kusimama juu ya ubao. Jumamosi hiyo walikuwepo akina mama wa mboga, wachukuzi, na Makame, ambaye alipita tu kwa bahati, akakaa saa nzima. Ezekia ndiye aliyesoma. Na hapa inabidi isemwe kweli, ingawa Othmani mwenyewe ilimchukua miaka kuikiri: alisimama nyuma ya binti yake, akajifanya anamweka sawa kanga, na kidole gumba cha mguu wake kikapanda ukingo wa ubao, kikatulia pale kama kuku juu ya mayai. Mtu akianza mzito, aliwaza, baada ya miezi mitatu ataonekana kapungua. Hakuona kuwa ni dhuluma. Aliona ni dawa.

"Ratili themanini na nane," Ezekia akasoma, akakunja uso kidogo.

Jaha akageuza shingo. "Baba, umesimama vizuri?"

"Nimesimama vizuri, mwanangu."

"Haya."

Neno hilo moja lilimsumbua Othmani wiki nzima. Haya ya nini?

Nyumbani kukawa na ugeni wa vyungu. Mwanakhamisi, mtu wa nyumba ya nyama tangu aolewe, hakujua majani ya maboga yanamenywaje. Akamwendea Bibi Verediana, Mhehe aliyeuza mboga pale sokoni.

"Kamwene, mama," Verediana akamsalimu kwa Kihehe. "Kaa hapa. Kwanza huu uzi wa jani unauvuta hivi. Usipouvuta, mumeo atadhani anakula kamba."

Akamfundisha majani ya maboga ya karanga, maharage ya nazi kwa siku nazi inapopatikana, na kande zilizolala juu ya moto mdogo mpaka punje zinapasuka. Harufu ikawa inamfuata Othmani kutoka jikoni hadi barazani. Alikaa na sahani yake ya utumbo, akatafuna kwa sauti ili wote wasikie anavyofurahia. Jaha alikula kimya, akakamulia limau, akaomba kuongezewa. Siku hizo alikuwa akila mpaka Mwanakhamisi akaanza kuficha sufuria.

Mwezi wa pili alirudi akikimbia kutoka shule, na hakuwa akihema. Mwezi wa tatu kanga yake fupi ikawa fupi zaidi. Othmani aliyaona haya yote kwa macho yake, akasema ni hewa ya Iringa.

Siku ya mwisho soko lilijaa kuliko siku ya mnada. Othmani alikuja na uso wa mtu aliyekwisha shinda. Uzito wa kile kidole chake aliujua. Mara hii alisimama mbali, mikono nyuma, ili asiulizwe kitu. Jaha akavua viatu, akapanda.

Ezekia akasogeza chuma, akakirudisha, akakisogeza tena. "Ratili tisini na moja."

Wanawake wa mboga wakapiga vigelegele. Bibi Verediana akarusha fungu la mchicha juu kama mtu wa harusi. Makame akasema yeye hasemi kitu, na kwa mara ya kwanza hakusema. Othmani alipiga hesabu kichwani, akaondoa uzito wa kidole, akapata jasho. Mtoto hakuongezeka ratili tatu. Aliongezeka nane kama si tisa.

Jaha akashuka, akamwendea babake, akamkumbatia mbele ya watu wote. Watu wakasema, "Mwana mwema." Hawakusikia alichomnong'oneza.

"Baba, siku ile tulipima wawili. Leo nimepima peke yangu."

Othmani akakauka. Hapo hapo, hatua nne tu kutoka kwake, alisimama Makame na masikio yake. Mwenye bucha akijulikana kuwa na mkono kwenye mizani, hata kama ni mguu, afunge duka ahamie nchi nyingine.

"Unataka nini?" akanong'ona.

"Ile barua iliyoko mfukoni mwa kanzu yako tangu wiki iliyopita."

Ilikuwa barua ya kumjulisha kwamba Jaha amefaulu kwenda shule ya kati ya wasichana huko Mbeya. Othmani alikuwa ameificha. Mbeya kuna baridi, aliwaza, na mtoto asiye na nyama mwilini atakauka kama samaki. Sasa aliutia mkono mfukoni, akaitoa ikiwa imekunjamana, akainyanyua juu.

"Jamani," akapaza sauti, na sauti ikamkatika, kwa hofu au kwa fahari, yeye mwenyewe hakujua, "mwanangu anakwenda Mbeya kusoma!"

Alimsindikiza mwenyewe Januari, juu ya lori la abiria. Walipofika Nyololo tope lilikuwa limekamata malori matatu, nao wakawa wa nne. Mvua ya Mufindi ikawanyeshea mpaka mchana. Kibanda pekee kilichokuwa na moto kilikuwa cha mama mmoja aliyepika kande, kande tupu, hana kingine. Othmani aliuliza kama hana hata mfupa. Hana. Akala bakuli moja kwa sababu ya baridi. Akala la pili kwa sababu ya mvua. La tatu hakutoa sababu. Jaha alitazama upande mwingine, kwenye malori, kwa adabu.

Baada ya miezi miwili ilikuja barua kutoka kwa mwalimu mkuu wa shule ile, imeandikwa kwa mkono ulionyooka. Othmani hakuwa mwepesi wa kusoma, akaipeleka kwa Ezekia zahanati. Ezekia akasoma: binti ni mzima, anakimbia mbio kuliko wenzake, ana bidii katika hesabu. Ila lipo jambo. Shule hutoa nyama siku ya Jumamosi tu, na kila Jumamosi wasichana hugombania kukaa karibu na Jaha. Imegundulika kwamba yeye hubadilisha kipande chake kwa maharage ya mwenzake mmoja, maziwa ya mwingine na karanga za wa tatu, na mara mbili wamepigana vikumbo mezani. Mzazi anaombwa amwonye.

Othmani akashika kidevu.

"Kipande kimoja," akasema mwishoni, "anapata vitu vitatu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Dresa, mimi hapa na mizani yangu sijawahi kupata biashara kama hiyo." Akaanza kucheka, akacheka mpaka wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakacheka bila kujua wanacheka nini. "Hali nyama, lakini amefungua bucha Mbeya!"

Jaha alirudi likizo amempita mama yake kimo. Hakuonywa.