Dada Alikuwa Mdogo wa Mwili

Siku ya kuanua matanga ya dada yangu, huko Nyamahanga alikoolewa, wanaume walichinja ng'ombe nyuma ya nyumba. Mmoja akauweka moyo juu ya jani la mgomba, mshipa wake mkubwa ukiwa wazi kama mdomo. Nikageuza uso. Wewe rafiki yangu hukutujua enzi za utoto wetu, ngoja nikusimulie.

Tulikulia kwa bibi, kijiji cha Nyakisasa. Mjomba wetu ndiye aliyekuwa mchinjaji wa kijiji. Kila Krismasi mimi na dada tulimsubiri nyuma ya jiko, moshi wa kuni ukitutoa machozi, chungu cha ndizi na maharage kikitokota. Tulikuwa tumeshachota maji na kumenya ndizi, mikono imeganda utomvu mweusi. Mjomba alituachia moyo tuuchezee kabla hajaukata. Kwenye mshipa mkubwa wa ng'ombe dada aliingiza vidole viwili, vikapwaya. Wa mbuzi uliingia kidole kimoja tu, kwa shida. Wa kuku tulipitisha kijiti cha ufagio.

"Mkimkuta mbuzi ana mshipa wa ng'ombe," mjomba alituambia, "huyo ni mgonjwa, msimle."

Bibi alifoka kutoka ndani: "Acheni kuchezea mboga!"

Dada hakurefuka. Hata baada ya kuolewa na kuzaa watoto watatu, gauni la msichana wa darasa la sita lilimtosha. Mwaka jana kifua kikaanza kumuuma, maumivu yakienda hadi mgongoni. Nikampeleka hospitali moja, mbali na kwetu. Daktari, kijana mpole, akampima kwa ultrasaundi, akaandika kwenye karatasi.

"Mama, mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo umetanuka kidogo, lakini bado uko ndani ya kiwango cha mtu mzima. Rudi baada ya mwaka."

"Asante, mwanangu," dada akasema.

Nilimtazama pale kitandani, miguu yake haifiki hata karibu na mwisho wa godoro. Maneno ya mjomba yakanijia. Nilitaka kuuliza: mtu mzima gani, wa mwili gani? Nikaona aibu. Mimi mkulima, nimfundishe daktari kwa habari za mbuzi? Nikaikunja ile karatasi. Tukapanda basi.

Mwaka haukuisha. Mshipa ulipasuka akiwa shambani anapalilia maharage. Tulipomfikisha Biharamulo mjini alikuwa ameshakata roho. Daktari wa pale, mama wa makamo, aliisoma ile karatasi mara mbili, akavua miwani.

"Kwa mtu mrefu, mwenye mwili mkubwa, kipimo hiki kisingetisha," akasema. "Kwa mwili huu, mshipa ulikuwa mkubwa mno. Pole sana, mama."

Msibani watu waliniambia ni kazi ya Mungu. Niliitikia.

Baada ya kuanua matanga nilipitia Nyakisasa. Bibi na mjomba walishatangulia mbele ya haki. Jiko limebomoka, pamepandwa mahindi. Nikasimama pale nikijaribu kuukumbuka wimbo tuliokuwa tukiimba tukimenya ndizi, nikapata mstari wa kwanza tu. Bila kufikiri nikachukua simu nimpigie dada anikumbushe wa pili. Ikaita. Akapokea binti yake.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba," nikasema, nikamuuliza kama wameshakula.