Mtu wa Mia Yumo Kwenye Friza

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jikoni mwa kituo cha watoto cha Saetgol, wilayani Boeun, Bi Tak Ok-rye amesimama kando ya sinki akihesabu kwa sauti. Mbele yake Bibi Bang Jeom-sun, mwenye umri wa miaka sabini na sita, ananawa mikono.

"Sekunde thelathini, dada mkubwa. Bado kumi."

"Mikono hii imelea watoto watano!"

"Basi iongezee sabuni imlee na wa sita. Katikati ya vidole pia."

Bibi ananuna, lakini anasugua. Kofia ya nywele imemshuka hadi kwenye nyusi. Bi Ok-rye anaipandisha taratibu, kisha anakichomeka ndani kishungi cha mvi kilichochomoza, kama mtu anayemwandaa bibi harusi.

Leo mjukuu wa kiume wa Bibi Jeom-sun anatimiza siku mia. Keki nyeupe ya mchele ikiliwa na watu mia, mtoto huishi maisha marefu. Hilo hapa hakuna asiyelijua. La ajabu ni kwamba bibi huyu anaipikia keki hiyo kituoni, ilhali nyumba yake iko mita mia mbili tu kutoka hapo.

Bi Ok-rye, mwenye miaka hamsini na minane, amekuwa mpishi wa kituo hiki kwa miaka kumi na mmoja. Basi la njano huwaleta watoto hamsini na wanne kutoka vijiji saba. Mshahara wake ni won milioni mbili na laki mbili kwa mwezi. "Si mkubwa," anasema, "lakini nyumbani hatulali njaa."

Hupima joto la kila sufuria na hukata kila zabibu vipande vinne. Kabla mtoto yeyote hajapakuliwa, huchukua gramu mia na hamsini za kila chakula, huzitia kwenye kisanduku, huandika tarehe na saa, na kuzigandisha. Kisanduku hukaa saa mia na arobaini na nne, yaani siku sita kamili, ili mtoto akiugua pawe na cha kupimwa.

"Watu hunitania," anasema. "Eti friza yangu inakula kabla ya watoto."

Miaka minne iliyopita watoto kumi na mmoja walitapika kwa siku moja, na macho yote yakamgeukia yeye. Wazazi waliokuwa wakimsalimia kwa mikono miwili wakawa wanapita wakiangalia simu. Visanduku vilipopimwa, vilikuwa safi. Ugonjwa ulitokana na keki ya siku ya kuzaliwa iliyopikwa nje. Mama aliyeileta alijifungia ndani kwa aibu, na wa kwanza kumbishia hodi, na bakuli la uji mkononi, alikuwa Bi Ok-rye mwenyewe.

Tangu hapo, chakula kilichopikwa nje hakiwafikii watoto.

Siku kumi na moja zilizopita Bibi Jeom-sun aliingia kwa furaha kumchukua mjukuu wake mkubwa, So-dam, mwenye miaka minne.

"Ijumaa ya wiki ijayo siku mia zinatimia! Nitaleta keki. Usiwapikie vitafunio."

"Hongera sana, dada mkubwa. Lakini keki ya nyumbani sitaweza kuipokea."

"Sumu nitaweka mimi?"

"Sijasema hivyo."

"Anayerudisha keki ya siku mia anarudisha umri wa mtoto. Hilo unalijua, na bado unaikataa mbele ya So-dam!"

Akaondoka bila kuaga. Siku ya soko alimpita Bi Ok-rye penye vikapu vya figili kana kwamba amepita nguzo.

Haikuwa hasira tupu. Bibi alikuwa amehesabu. Zamani kijijini Saetgol ungemaliza watu mia kabla ya kufika kisimani. Sasa nyumba nyingi zimefungwa, na mlango kwa mlango, pamoja na wagonjwa wa kitandani, alipata watu arobaini na mmoja. Waliobaki wote wako kituoni.

"Niliona akimvalisha So-dam kiatu cha kulia mguu wa kushoto," anasimulia Bi Ok-rye. "Nikasema, kanuni haikuwekwa ili kumliza bibi. Lazima kuna mlango."

Akampigia simu mtaalamu wa lishe wa wilaya, Bi Yeo Min-ji. Jibu lilikuwa fupi: keki ipikwe jikoni mwa kituo, kwa unga wenye risiti, ikatwe vipande vidogo, sampuli itunzwe, na yeyote atakayeingia jikoni awe na kadi ya afya.

Jioni hiyo alikwenda kwa bibi na kilo mbili za mchele mpya.

"Kadi ya afya wanaitoaje?" bibi akauliza, uso bado umekunjwa.

"Wanapiga picha ya kifua. Halafu wanachukua kipimo... huku nyuma."

"Nyuma wapi?"

Bi Ok-rye akamwonyesha.

"Loo! Kupika keki tu mpaka nivuliwe?"

"Mimi huvuliwa kila mwaka, dada mkubwa. Nitakupeleka mwenyewe."

Akampeleka. Akamngoja mlangoni ameushika mkoba wake. Kadi ikatoka Jumatano, na bibi akaifunga kwenye leso kama hati ya shamba.

Sasa saa nne na nusu imefika. Keki imeiva, imekatwa vipande vya ukubwa wa kucha, na watoto wanaila na maziwa ya uvuguvugu. Walimu wanatembea katikati yao, jicho kwenye kila mdomo. Bibi Jeom-sun anachungulia kwenye kioo cha mlango, midomo ikihesabu.

"Watoto arobaini na wanane. Wafanyakazi kumi, pamoja na dereva na wewe. Na wangu arobaini na mmoja." Anakunja kidole cha mwisho. "Tisini na tisa."

Watoto sita wa darasa la wachanga hawajaonja.

"Hata chembe?"

"Hata chembe. Bado hawana meno ya kuitafuna."

Safari hii hagombi. Anageuka kuelekea friza.

"Na huyo je?"

"Nani?"

"Kisanduku chako! Si watu wanasema kinakula kabla ya watoto? Basi leo kimekula wa kwanza. Mia!"

Bi Ok-rye anacheka mpaka anashika meza. Kisha anakitoa kisanduku, na chini ya tarehe na saa anaongeza neno ambalo halidaiwi na kanuni yoyote: *Mtu wa mia.*

Sinia la bibi halirudi tupu. Bi Ok-rye analiwekea kishada cha uzi mweupe, ishara ya umri mrefu wa mtoto.

Bibi anaifungua ile leso na kuisoma tena kadi. Ni ya mwaka mzima.

"Basi mjukuu wangu akitimiza mwaka itakuwa haijaisha," anasema. "Narudi."

"Rudi," anasema Bi Ok-rye, ambaye tayari ameizungushia duara siku hiyo kwenye kalenda ya jikoni. Kando ya duara ameandika majina sita, ya watoto wa darasa la wachanga. Anatumaini kufikia hapo watakuwa na meno, ili friza nayo ipumzike.