Chumvi kwa Bei ya Leta

Kila asubuhi, kabla ya kuanza kuuza, baba mdogo Mushagalusa alichota punje chache za chumvi, akazilaza kwenye ulimi, akafumba macho. Mke wake, mama Sabine, alimcheka: "Unaogopa imegeuka sukari?" Baba mdogo akimaliza kuonja ndiyo anasema, "Haya, tuuze."

Alitoka Kivu ya Kusini akiwa kijana. Hapa Rumonge, upande wa pili wa ziwa, alibeba madumu ya mawese mpaka mgongo ukakataa, ndipo akapata meza ya chumvi sokoni. Baba yangu alipouawa na vita, alinichukua bila kuulizwa na mtu. Alipima kwa kopo la maziwa, na kopo likijaa aliongeza konzi moja ya bure, ile tunaita matabishi. Watu walimpendea hiyo konzi.

Halafu nchi jirani zikatufungia mipaka. Chumvi ya Tanzania ikawa haivuki tena ziwa. Bei ikapanda, watu wakalia, na Leta, ndiyo serikali, ikatangaza bei moja: atakayezidisha atafungwa.

Hadji Fadhil, Mwarabu mwenye duka nyuma ya meza yetu, akaficha magunia yake akasema imekwisha. Baba mdogo akauza kwa bei ya Leta.

"Mushagalusa, acha bei ipande," Fadhil alimwambia. "Ikipanda, hata mwoga atavuka kuleta chumvi. Wakija wengi itashuka yenyewe."

"Na mpaka ishuke, maskini alambe nini? Leta iko kama mzazi, Hadji."

"Mzazi gani huyo, anapanga chakula cha watoto na chungu kitupu?"

Walicheka wote wawili. Fadhil akamletea kahawa.

Lakini gunia lilishuka mbio. Wengine walinunua kwetu asubuhi, jioni chumvi yetu iko huko Bugarama inauzwa kwa bei mara tatu. Baba mdogo akaona afanye ujanja ili idumu: akaondoa matabishi.

Pascasie, muuza samaki wakavu, mteja wake wa zamani, akabaki na kitambaa wazi mkononi.

"Matabishi yangu iko wapi?"

"Bei ni ile ile, mama."

"Kwa Leta ni ile ile. Kwangu imepanda. Na wewe umekuwa Fadhil, sema tu!"

Watu kwenye mstari wakacheka. Baba mdogo alimwekea konzi, na waliofuata wote wakadai yao. Gunia la mwisho likaisha siku hiyo.

Alikwenda komini, kwenye ofisi ya Leta, kuomba chumvi aendelee kuuza kwa bei iliyotangazwa. Karani hakuinua hata kichwa. "Mzee, Leta iliweka bei. Haikuweka chumvi."

Meza ikakaa tupu. Nyumbani tulikula muhogo, baadaye majani ya muhogo peke yake. Fadhil akaja mwenyewe: "Chukua gunia moja kwangu, kwa bei yangu. Uza usiku, kwa siri."

"Asante, Hadji. Pascasie nitamtazama na macho gani?"

Mama Sabine akalia. "Macho ya Pascasie hatuyali!"

Ndipo akasema atakwenda Kigwena, kusini kando ya ziwa. Huko mitumbwi ilikuwa inateremsha chumvi kwa kujificha kwenye michikichi. Akinunua ufukweni kwa bei ya chini, ataweza kuuza kwa bei ya Leta na sisi tukala.

"Bei ndiyo imevuta hiyo mitumbwi, na sasa inakuvuta wewe," mama Sabine alisema, "kama alivyosema Hadji."

"Basi Hadji amesema kweli kidogo." Akacheka kidogo, akajifunga viatu.

Basi ndogo za kusini zilikuwa zimesimama. Wiki ile vita ilikuwa imerudi, watu wamechomwa moto njiani. Fadhil alimuona anapita, akatoka dukani.

"Mushagalusa, rudi. Barabara imechafuka. Nitakupa bure."

"Bure nayo ni bei, Hadji. Amahoro, baki na amani."

Akatembea kando ya lami, gunia tupu limekunjwa kwapani. Mchana tulisikia risasi upande wa Kigwena. Mama Sabine alipika majani ya muhogo akamwekea sahani yake, akaifunika. Hakurudi.