Chini ya Mkeka

Huko Savaii, kisiwa cha Samoa, Makerita alijulikana kwa jambo moja: hakosei. Mchango wa kanisa, yeye wa kwanza. Mtu akiugua, sufuria yake ya taro, magimbi ya huko, imeshafika. Mwenyewe alijua kwamba mara nyingi mkono ulitoa huku moyo umenuna, lakini nani angemwuliza?

Sasa mumewe, Ioane, alikuwa kaburini pale mbele ya nyumba. Pita, kijana wa kijiji jirani, alimgonga kwa gari akiwa amelewa. Na alfajiri hiyo Pita alikuwa amepiga magoti uani pamoja na mama yake na ndugu zake, wamejifunika mkeka mwororo wa ukoo wao. Kwa mila ya huko, wangekaa hivyo wakiomba msamaha mpaka mjane awafunue; kufunua ndiko kusamehe. Asipotoka kuwafunua, wapwa wa marehemu walikuwa wameshashika mawe.

"Dada, jua hilo linapanda," alisema kaka yake Tavita, mkuu wa ukoo. "Toka ufunue, yaishe. Watu wanatazama."

"Kufunua naweza."

"Basi?"

"Nitafunua huku nina jiwe moyoni. Kama taro zangu zile."

"Taro zinahusu nini hapa, jamani!"

"Niache, Tavita."

Alikaa akafumba macho. Siku hiyo hakumpangia Mungu maneno mazuri. Alijitazama ndani, akaikuta hasira imejikalia, nene, haina haya. Hakuifukuza. Alikaa nayo, akalia kwa sauti, mpaka akaona kilichokuwa chini yake: hofu ya kulala kitanda kitupu. Lo, kumbe ni hilo! Na hata Pita apondwe vipi, kitanda kingebaki kitupu vilevile.

Ndipo akasikia kikohozi chini ya mkeka. Alikuwa mama yake Pita, na alikuwa akikohoa hivyo tangu alfajiri. Makerita hakuwa amemsikia hata mara moja.

Akatoka. Wapwa wakakaza mikono. Badala ya kuufunua mkeka, Makerita aliinua ncha yake, akaingia, akamkumbatia yule bibi. Huko ndani Pita akaangua kilio, na mkeka mzima ukatikisika.

Tavita aliduwaa. "Ala! Na huyu sasa nani atamfunua?"

Wapwa walitazamana. Mmoja wao akalitupa jiwe lake kando, akajifuta mikono kwenye nguo, kisha wote wakaja kuuinua mkeka.