Solo ya Lőrinc

Ákos Bódis alikuwa na kazi ambayo hata sisi majirani zake wa mtaa wa Kőbánya tulishindwa kuieleza. Hakutunga muziki wala hakuupiga. Aliwaandalia watunzi wa muziki wa filamu okestra nzima ndani ya kompyuta. Alipakia kwenye programu maktaba za sauti, yaani noti zilizopigwa moja moja na wanamuziki wa kweli, kwa upole kisha kwa nguvu, zikarekodiwa na kuhifadhiwa. Akazipanga: fidla mahali pake, filimbi mahali pake, ngoma nyuma kabisa. Kila ala ilichelewa kuitika kwa kiasi chake, kwa hiyo aliisogeza mbele kidogo kidogo mpaka zote zikaingia pamoja. Mtunzi akigusa kinanda, jukwaa zima linamwitikia.

Kazi hiyo ilikuwa na mwiko wake. Muziki wa kompyuta hutengenezwa ili mwongozaji wa filamu ausikie na kuukubali. Baada ya hapo okestra ya watu huitwa studio kuupiga upya. Basi waandaaji wa mjini kwetu huuacha makusudi na ukavu fulani, hasa kwenye tarumbeta, ambazo mashine huzipiga kama honi ya lori. Mwongozaji husikia, hukunja uso, hutamani watu. Hakuna aliyeuandika mwiko huo popote, lakini Ákos aliujua kuliko wengi, maana ndio uliomlisha kaka yake.

Kaka huyo, Lőrinc, ndiye aliyemlea Ákos baada ya baba yao kufariki, na alimlea kwa tarumbeta aliyoipiga kwenye okestra za studio. Sasa meno yake ya mbele yalikuwa yamelegea, na mpiga tarumbeta asiye na meno hayo hana pa kuegemeza mdomo wake. Daktari alitaka kuyang'oa. Lőrinc aliomba kungoja, kwa sababu Hajnal Tarján, mtunzi aliyemwajiri Ákos, alikuwa amemtungia solo, kipande cha tarumbeta peke yake, kwenye filamu mpya, na kurekodi kulipangwa Alhamisi.

"Niache nipige hiyo," alimwambia daktari, "halafu ng'oa mpaka ulimi ukipenda."

Mwongozaji ndiye aliyeleta shida. Alisikia solo ilivyotoka kwenye kompyuta, akasema tarumbeta hiyo inamkera, iondolewe, iwekwe fidla. Hajnal akamsihi asikilize mara moja tena, naye akakubali kwa shingo upande.

Ákos hakumwambia mtu. Jumapili alibeba maikrofoni yake, akamkuta kaka yake jikoni akikata vitunguu vya supu.

"Kaka, nipigie noti kadhaa. Moja moja, za chini mpaka za juu."

"Ehe! Umeishiwa tarumbeta kwenye lile sanduku lako?"

"Zipo, ila zinalia kama bata."

"Kama wewe ulipokuwa ukiimba kanisani. Padri alikuwa ananitazama mimi, utadhani mimi ndiye niliyekuzaa."

"Kaka, sitanii. Anataka kuifuta solo yako."

Lőrinc akaweka kisu chini. "Nani?"

"Mwongozaji. Lakini akisikia sauti yako, ataiacha."

"Basi washa hilo dude. Na usinicheleweshe, meno haya hayana subira."

Akapiga. Baada ya kila noti alifuta mdomo kwa kitambaa cha vyombo, na mwisho kitambaa kilikuwa na damu. Alikikunja upande wa ndani ili mdogo wake asione. Ákos aliona.

Aliziingiza noti hizo kwenye kompyuta, akazikata, akazipanga katika ngazi zake, laini na kali. Kisha akachelewesha baadhi kidogo, kama Lőrinc afanyavyo anapokaribia mwisho wa pumzi. Solo ikatoka hai. Hapo sitamtetea. Mwiko ule uliwekwa kuwalinda watu kama kaka yake, naye alidhani kumpenda kaka kunampa ruhusa ya kuuvunja.

Hajnal aliisikiliza, akavua vidude vya masikioni.

"Ákos, umefanya nini hapa?"

"Nimeipendezesha kidogo, bosi."

"Kidogo? Huyu anapumua! Ukimpa mtu kitu hiki, atawaita wapigaji studio kufanya nini tena?"

"Nisingefanya hivyo angeifuta."

 Hajnal alijua alipaswa kuirudisha iwe kavu kama mwanzo, na hakufanya hivyo; mwongozaji alikuwa anasubiri, akaituma.

Jibu lilikuja limejaa sifa. Mwongozaji alisema amelia. Solo ibaki, na muziki wote ubaki ulivyo. Hakuna haja ya okestra. Hajnal akampigia simu, akaomba aitwe walau mpiga tarumbeta peke yake. Mwongozaji akajibu kwamba ameshaizoea hii, nyingine yoyote ataiona ya uongo.

Ákos alikwenda mwenyewe kumweleza kaka yake. Lőrinc alisikiliza habari yote, kisha akasema, "Iweke niisikie."

Aliisikiliza amesimama.

"Ni wewe kabisa, kaka," Ákos alisema.

"Si mimi. Noti ni zangu. Wimbo huu mimi sijaupiga."

"Nilitaka wasiifute."

"Na kweli hawakuifuta."

Akachukua simu, akamuuliza daktari wa meno kama ana nafasi kabla ya Alhamisi. Ákos akamshika mkono. "Ngoja kwanza, kaka. Labda Hajnal atapata namna."

"Ningoje nini? Nimekunywa supu kama kichanga kwa ajili ya Alhamisi. Niache."

Jumatano Ákos alimrudisha nyumbani kutoka kwa daktari, mdomo umejaa pamba, uso umevimba. Akamketisha, akambandikia supu ya kuku, akaanza kuomba msamaha. Alisema mengi, tena kwa machozi. Lőrinc alionyesha mdomo wake kwa kidole, kwamba hawezi kujibu.

Pamba ikatoka, meno ya bandia yakafika, na Lőrinc akarudia maneno yake ya siku zote: mpira, bei ya pilipili ya paprika, ngazi za jengo letu ambazo hakuna anayezifagia. Ákos huenda kwake kila Jumapili, hukaa jikoni palepale. Kuhusu solo kaka yake hajatamka neno, naye hathubutu kumwomba msamaha tena.