Picha za Wataliano Ukutani Kwetu

Nikiri mapema ili nisisumbuliwe: ni mimi niliyefundisha darasa la saba lote kumsalimu mwalimu mkuu kama Wataliano. Mkono wa kulia unarushwa mbele, vidole vimenyooka, kidevu kinatokezwa kama cha mtu anayesubiri kunyolewa. Hakuna aliyenituma.

Salamu yenyewe niliitoa kwenye mkebe wa biskuti. Nyuma ya kiwanda cha mbao pale Elburgon palikuwa na banda ambamo mateka wa Kitaliano walilazwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Lilipobomolewa nilienda kuokota kuni, nikaokota mkebe. Ndani kulikuwa na vipande vya filamu, kila kimoja kimebanwa kwenye fremu ya karatasi ngumu, ukubwa wa kiberiti. Nilipoinua kimoja kuelekea juani, nusura nikiangushe. Picha zote za vita nilizowahi kuona gazetini zilikuwa za kijivu, nikaamini vita vyenyewe vilikuwa vya kijivu, na watu wake pia. Kumbe bendera zilikuwa nyekundu. Vijana wa rika langu walipiga gwaride na mashati meusi, bunduki za mbao mabegani, mashavu yamewaiva kwa baridi, wengine wamerusha mikono ya kulia mbele. Roshanini alisimama mkubwa wao, taya mbele, mikono kiunoni. Mwalimu mkuu wetu kabisa. Sasa mimi ningefanyaje?

Basi siku moja, kwenye paredi ya asubuhi, mwalimu mkuu alipotoka ofisini darasa letu liliinua mikono kwa pamoja, kimya, vizuri kuliko tulivyowahi kufanya lolote shuleni. Nyuma yake akatokea inspekta wa polisi, mzungu, aliyekuja kuuliza habari za walimu. Ilikuwa wakati wa Emajensi, serikali ya wakoloni ikiwasaka waasi walioapishwa kwa siri. Waafrika wakiinua mikono pamoja bila kusema, serikali ilijua neno moja tu.

"Nani nafundisha nyinyi kiapo?" akauliza.

Darasa lote likanitazama. Marafiki zangu ni watu waaminifu sana.

Nikamweleza habari za mkebe. Akasema twende tukauone, na kama hakuna mkebe, jamaa yetu yote itapanda lori jioni hiyo kurudishwa rizavu, yale maeneo yaliyotengewa kabila letu. Hakuwa anatania. Jirani zetu walikuwa wameshapandishwa hivyo hivyo, na hiyo rizavu ya kurudishwa mimi sijawahi kuiona. Nilizaliwa kwenye vumbi la mbao hapa hapa.

Baba alikuwa msituni na wakata miti. Mama alituona tukishuka garini. Alitandaza shuka chini, akaanza kutupia vyombo juu yake. Nikachomoa mkebe chini ya kitanda. Ulikuwa umejaa chumvi.

Hapo utani wote uliniisha. Nilimuuliza mama picha ziko wapi, sauti ikanitoka nyembamba kama ya kifaranga. Akaonyesha ukuta kwa kidevu, mikono ikiendelea kufunga furushi. Nyumba yetu ilikuwa ya mabanzi, yale maganda ya magogo yanayotupwa kiwandani, na upepo wa milima ya Mau ulipita katikati yake utakavyo. Asubuhi ile, nilipokwisha kwenda shule, mama alizichomeka zile fremu kwenye nyufa. Jua lilikuwa upande huo huo. Ndani giza, na ukutani gwaride zima linawaka, jekundu na jeusi.

Inspekta alivua kofia. Akaenda ufa kwa ufa, jicho karibu. Kwenye ile ya roshani alisimama, akacheka puani. Alisema alipigana na askari wa huyu bwana kule Habeshi mpaka akapata malaria. Akamuuliza mama kama anamjua. Mama akajibu kwamba hamjui, ila karatasi yake ni nene, inaziba vizuri.

Alizichomoa zote, akazitia mfukoni. Mimi akaniambia mkono wangu ubaki chini mpaka niote mvi, kisha akapanda gari. Niliketi juu ya furushi nikicheka peke yangu kama mwehu, nikimtazama mama, nikitazama kitanda, nikitazama mlango wetu, vyote viko palepale. Gari lilipoacha kusikika, mama alinisukuma nikaanguka pembeni.

"Nimefunga mpaka mwiko," alisema. "Fungua, tupike. Halafu ukalete udongo, nyufa zangu zote huyo mzungu ameziacha wazi."